Binti wa kidato cha pili, mimba ya miezi mitano, hajaanza kliniki: tuanzie wapi?

mwl_unasihi

Habari za jioni wanajukwaa. Nauliza kwa niaba ya shule, na naomba majibu ya wanaolijua jambo hili kwa vitendo, maana kila ofisi inatusukuma kwa nyingine.

Binti ana miaka 16, yuko kidato cha pili, shule ya kata. Mimba imejulikana wiki hii. Kwa hesabu yake ni kama miezi mitano. Kliniki hajaanza. Zahanati walimwambia arudi na mwenza wake, na kama hana basi alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Anayetajwa ni mtu mzima, na wazee wa pande zote mbili wameshaanza mazungumzo ya kumalizana. Bibi anayemlea anasema yupo mtu anayeweza "kuitoa" kwa dawa. Zahanati ipo kilomita 4. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kipo kilomita 31, na nusu ya njia ni barabara ya vumbi inayokatika masika.

Kipi kianze, kliniki au polisi? Amechelewa kiasi gani, na bado kinaokoleka nini? Ajifungulie wapi? Na akishajifungua, masomo yake yanarudi kwa njia ipi?

mkunga_zamu_ya_usiku

Mwalimu, kliniki ianze, tena wiki hii hii. Polisi na shule vinaweza kwenda sambamba, lakini hakuna hata kimoja kinachotakiwa kuisubirisha kliniki.

Kuja na mwenza ni jambo tunalolihamasisha ili wote wawili wapimwe VVU na kaswende, na baba naye azijue dalili za hatari. Si sharti la kupata huduma. Barua ya mwenyekiti ni mazoea yaliyoota mizizi kwenye vituo vingi, na wanaoumia zaidi ni mabinti wa umri huu, kwa sababu kuomba barua ile ni kukitangazia kijiji kizima. Nenda naye wewe, au mwanamke mtu mzima anayemwamini. Mwombeni mganga mfawidhi mzungumze pembeni, mwelezeni kwamba ni mwanafunzi. Mkikwama, mtafuteni mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, ofisi yake iko kwa mganga mkuu wa wilaya. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Kipimo cha VVU nacho hakihitaji saini ya mzazi: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaridhia mwenyewe.

Siku ya kwanza anafunguliwa kadi ya wajawazito, RCH-4. Cha kwanza ni umri wa mimba. Kanuni yetu ni kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unajumlisha siku 7 na miezi 9: ilianza 10 Machi, matazamio ni 17 Desemba. Kwa mabinti hesabu hii mara nyingi inakwenda kombo, kwa sababu hedhi zao bado hazijapanga mstari na wengi hawaweki kumbukumbu. Usimuulize "tarehe ngapi?" Muulize kama aliona siku zake kabla ya shule kufungwa, wakati wa Pasaka, au wakati wa mitihani ya nusu muhula. Kisha apate ultrasaundi haraka, kabla ya wiki ya 24, kwani baada ya hapo ukubwa wa mtoto unatofautiana sana na makisio ya wiki yanalegea. Tarehe ikikosewa kwa mwezi mzima hutajua kama ana uchungu wa mapema au amepitiliza.

Vipimo: wingi wa damu, kundi la damu na Rhesus, VVU, kaswende, malaria, mkojo (protini na sukari), presha, uzito, urefu, mzingo wa mkono. Damu ikiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita katika kipindi cha kati cha mimba ni upungufu. Chini ya 7 ni rufaa siku hiyo hiyo, haingoji vidonge. Zahanati ikikosa vifaa vya kupimia damu, wasimwandikie "hakuna upungufu" kwa kuangalia kope. Kope nyeupe inaonyesha upungufu uliokwisha kuwa mkubwa, ule wa kati inauacha. Apelekwe kwenye maabara nyingine.

Presha nayo ina mtego wake. Mkono wa binti mwembamba ukifungwa mkanda wa mtu mzima mwenye mwili, namba inasoma chini kuliko ilivyo. Mkanda uwe wa saizi yake, akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono uwe usawa wa moyo. Na namba yake ya siku ya kwanza iandikwe vizuri. Mabinti wengi wana presha ya 95/60. Akija wiki ya 34 na 130/85, bado hajafika 140/90 ya vitabuni lakini kwake ni kupanda kukubwa. Huyo haambiwi arudi baada ya mwezi, anarudi ndani ya siku chache.

Alichokosa kwa kuchelewa si kidogo, lakini kingi kinafidika. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza baada ya wiki ya 13, vitatu kwa mkupuo mmoja, anavimeza mbele ya muuguzi, hata kama hajala. Kati ya dozi na dozi zipite wiki 4. Akianza wiki ya 22 anaweza kupata 22, 26, 30, 34 na 38: dozi tano, wakati kiwango cha chini ni tatu. Kama anatumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, hapewi SP. Vidonge vya damu ni kimoja kila siku, chuma miligramu 60 na foliki 0.4. Angalieni sana hiyo foliki: ile ya miligramu 5 inayouzwa madukani inapunguza nguvu ya SP. Dawa ya minyoo mara moja, mebendazoli miligramu 500. Sindano ya pepopunda mbili zipishane wiki 4, ya pili iwe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Chandarua chenye dawa anapewa siku hiyo hiyo.

Vidonge vya damu ndivyo vinavyoachwa njiani. Vinaleta kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, binti anaogopa na anavitupa. Mwambieni mapema kwamba choo cheusi ni kawaida. Avimeze usiku baada ya chakula, na chungwa au embe kama lipo, asivichanganye na chai. Chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma kuingia mwilini. Muulizeni pia, kwa upole, kama anakula udongo, zile pemba zinazouzwa sokoni. Wengi wanakula na hawasemi mpaka waulizwe, na zinakwamisha chuma na kuleta minyoo.

ustawi_na_sheria

Naongeza upande wangu. Sheria zinazomhusu ni mbili na zote ni nzito. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema mwanamume kufanya ngono na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama binti alikubali, na adhabu yake katika kifungu cha 131 haipungui miaka 30. Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa mwaka 2016: kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30, na kumwoa mwanafunzi ni kosa hilo hilo. Hili la pili wazee hawalijui. Wanapokaa kumalizana, suluhisho linalokuja haraka ni ndoa, wakidhani sheria ya ndoa ya 1971 iliyoruhusu miaka 15 inawalinda. Haiwalindi, binti ni mwanafunzi. Isitoshe, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, zilishasema vifungu hivyo vya umri vinakiuka Katiba.

Pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au Kituo cha Mkono kwa Mkono kama hospitali ya wilaya inacho, ambako polisi, daktari na ustawi wanakuwa sehemu moja. Fomu ya polisi, PF3, ni ya ushahidi. Muuguzi wa kliniki asimwambie aende kwanza kuchukua PF3 ndipo apimwe ujauzito.

Kesi hizi zinakufa kwa sababu zinazojirudia. Umri haukuthibitishwa: tafuteni cheti cha kuzaliwa mapema, na kama hakipo, mzazi aje atoe ushahidi wa umri, na kumbukumbu za shule ziwepo. Binti anakana baada ya familia kupokea ng'ombe au fedha, au anahamishiwa kwa ndugu mkoa mwingine. Vinasaba vya mtoto havikuchukuliwa. Sampuli zinapimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo mpelelezi aikumbushe familia mapema kwamba kipimo hicho kitahitajika, na mwalimu ajue mshtakiwa aliyepata dhamana anaweza kuanza kutuma watu kwa binti.

Jambo moja nawaomba sana: mtu mzima asimhoji binti mbele ya bibi, mjomba na mwalimu wamekaa mduara. Ahojiwe faragha, mara moja, na mtu aliyefunzwa. Kila kuhojiwa upya kunamchosha na kunaleta maelezo yanayopishana, na wakili wa upande wa pili anayasubiri hayo. Namba 116 ya simu ya mtoto ni bure, inaweza kutumika hata usiku kama nyumbani pamekuwa pabaya.

mdau_nyanda_za_juu

Kwa umri huo si anapasuliwa tu? Nyonga ya miaka 16 haijakomaa. Kwa nini msimpangie upasuaji moja kwa moja mkaondoa wasiwasi?

tabibu_wa_wodi

Hapana ndugu. Umri peke yake si sababu ya kisu. Chini ya miaka 15 nyonga kweli inaweza kuwa bado finyu, na hapo tahadhari inapanda. Miaka 16 wengi wanajifungua kwa njia ya kawaida wakisimamiwa vizuri. Kovu la upasuaji unalomwekea leo atalibeba kwenye kila mimba ijayo, na akija kupata uchungu wa mimba ya pili akiwa kilomita 31 kutoka chumba cha upasuaji, kovu hilo linaweza kuachia.

Anachohitaji ni kujifungulia mahali ambapo upasuaji na damu vipo kama vitahitajika. Umri mdogo, mimba ya kwanza, na kimo chini ya sentimeta 150 ni sababu za kutomwacha ajifungulie zahanati. Zahanati imhudumie kliniki, kujifungua kukafanyike kituo cha afya.

Kuhusu "mtu wa kuitoa". Mwalimu, hili lishughulikie leo, kabla hata ya kliniki. Katika miezi mitano, dawa za mizizi, vidonge vya dukani vya kubahatisha na vitu vya kuchokonoa vinaua kwa njia tatu: damu, kutoboka kwa kizazi au utumbo, na sumu ya vijidudu kwenye damu. Kisheria, Kanuni ya Adhabu vifungu vya 150 hadi 152 inamwadhibu anayetoa (hadi miaka 14), mwanamke mwenyewe (hadi miaka 7) na anayetoa dawa au vifaa (hadi miaka 3). Kifungu cha 230 kinamlinda mtaalamu anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Maana yake, kama ana ugonjwa unaohatarisha maisha yake, mazungumzo hayo yafanyike hospitali na daktari, si kwa jirani.

Ikiwa ameshapewa kitu, msimfiche. Damu inayolowanisha pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, homa, uchafu wenye harufu kali, tumbo kuwa gumu kama ubao, kuzimia: hospitali, wakati huo huo. Semeni ukweli alipewa nini na saa ngapi, kwa sababu matibabu yanabadilika. Kumhudumia aliyeharibikiwa mimba ni halali na ni wajibu wa kila hospitali, vyovyote ilivyoharibika. Na asiruhusiwe kutoka bila kuzungumziwa uzazi wa mpango. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili.

Halafu mtu amuulize binti mwenyewe. Nimesoma bibi anasema hivi, wazee wanasema vile, zahanati inasema lile. Anataka nini? Anaogopa nini? Nani nyumbani anamwamini? Je, amewahi kuwaza kujidhuru? Swali hilo la mwisho liulizwe waziwazi, halimtii mtu wazo kichwani. Kuhusu kumlea mtoto, ndugu kumsaidia kulea, au malezi ya kambo, aelezwe kila njia na afisa ustawi, na asidaiwe jibu siku hiyo.

Kinachoua wajawazito wa umri huu hospitalini kwetu kwa haraka ni kifafa cha mimba, na hutokea zaidi kwenye mimba ya kwanza. Dalili: kichwa kinachouma bila kutulia, kuona maluweluwe au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu kuvimba jioni peke yake si kitu. Nyumbani mara nyingi hudhaniwa malaria au mashetani, na muda unapotea kwa dawa za homa au kwa mganga. Mkojo wa kupima protini uwe wa katikati: akojoe kidogo kwanza, ndipo akinge. Uchafu wa ukeni ukichanganyika unaonyesha protini isiyokuwepo, na kliniki ikizoea hivyo inaanza kupuuza hata protini ya kweli.

Akipata degedege, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimwekee kijiko mdomoni, msimpe maji. Zahanati inaweza na inapaswa kumpa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, sindano ya kuzuia degedege, kabla ya safari: gramu 10 kwenye misuli, 5 kila upande wa makalio, pamoja na dawa ya presha. Kumpandisha gari bila sindano hiyo ni kumsafirisha akiwa hana kinga yoyote dhidi ya degedege la pili njiani. Na kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo. Mzazi wa siku nne anayelalamika kichwa arudi apimwe presha.

mhudumu_wa_jamii_kata

Nyongeza ya usafiri, kwa sababu kilomita 31 za barabara hiyo ndizo zitakazoamua.

Namba ni 115, ya bure, mfumo wa m-mama. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, na kuanzia mwaka 2022 ukapanuliwa nchi nzima. Unahusu dharura ya mjamzito, ya aliyejifungua na ya kichanga. Anayepokea anauliza dalili, na akiona ni dharura anatuma gari la wagonjwa. Kama halipo karibu anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo kwa simu. Familia haitoi nauli. Mfumo unakwama pale mpigaji anaposema tu "njooni kijijini kwetu". Semeni kijiji, kitongoji, alama kubwa iliyo jirani (shule, msikiti, mnara, mashine ya kusaga), umri wa mimba, dalili, na namba ya simu ambayo haitazimwa. Pale mtandao unaposhika kijijini pajulikane kabla, na simu ya bibi iwe na chaji. Muulizeni muuguzi wa zahanati majina ya madereva waliosajiliwa kata yenu. Kama hakuna, hilo ni suala la kupeleka kwa mratibu wa wilaya sasa, si siku ya uchungu.

Lakini msiipange safari iwe ya dharura. Kwa barabara inayokatika, asogee wiki ya 37 au 38. Ulizeni kama kituo cha afya au hospitali ya wilaya ina nyumba ya kusubiria kujifungua, ile mama ngojea. Mikoa mingine wanaiita chigonela. Mara nyingi malazi si tatizo, chakula ndicho tatizo: msubiri anajipikia, anahitaji unga, maharage, mkaa na mtu wa kukaa naye. Hicho ndicho kinachowafanya wengi warudi nyumbani baada ya siku tatu. Wachangieni hapo.

Vifaa: sera inasema huduma ya mjamzito ni bure kwenye vituo vya serikali, ila kiuhalisia familia huombwa vitu. Pata orodha ya kituo chenyewe wiki ya 30, nunueni kidogo kidogo. Kwa kawaida ni glavu, mpira wa kutandika, pamba, kibanio cha kitovu, wembe mpya, pedi, khanga safi nne au zaidi, nguo na kofia ya mtoto, beseni na sabuni. Vitunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo ikae kwa bibi. Tafuteni pia watu wawili wazima walio tayari kuchangia damu, na wajue wanaweza kuitwa usiku.

Mwisho, ile dawa ya kienyeji ya "kuharakisha uchungu". Inatolewa kwa mapenzi, na mara nyingi bibi mwenyewe ndiye anayeikoroga. Kizazi kinakaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Zungumzeni na bibi kabla, kwa heshima, mpeni kazi nyingine ya kufanya siku hiyo: yeye ndiye amsindikize wodini na kumsugua mgongo.

mwl_unasihi

Asanteni sana. Leo tumezungumza na mganga mfawidhi, amekubali binti aje keshokutwa bila barua. Bibi naye ameelewa kuhusu dawa. Maswali mawili yamebaki: uchungu ukianza, ni saa ngapi tuseme umezidi? Na akihitaji upasuaji usiku, nani anasaini?

tabibu_wa_wodi

Uchungu kamili, ule wa kuja mara tatu ndani ya dakika kumi na mlango wa kizazi unafunguka, kwa mimba ya kwanza usizidi saa 12. Chupa ikivunjika kabla ya uchungu, aje papo hapo hata kama haumwi, na aangalie rangi: maji ya kijani au yenye damu ni dharura.

Uchungu ukikwama, kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa wa kinena. Nyama iliyobanwa inakosa damu, inakufa, na siku 3 hadi 10 baadaye inadondoka na kuacha tundu. Hapo mkojo unaanza kutoka wenyewe. Hiyo ndiyo fistula, na mara nyingi mtoto anakuwa amepotea pia. Aliyepitia uchungu wa muda mrefu aachiwe mpira wa mkojo kwa siku 10 hadi 14, asitolewe kesho yake kwa sababu "amepona". Mkojo ukianza kuvuja na tundu ni dogo, mpira ukikaa wiki 4 hadi 6 linaweza kujifunga bila upasuaji. Wakichelewa, hospitali za CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza zinatibu fistula, na CCBRT wanatibu bure na hugharamia pia safari. Asirudishwe nyumbani akakaa kwenye chumba cha nyuma miaka.

Saini: kwa aliye chini ya miaka 18 ni mzazi au mlezi, na binti mwenyewe aelezwe na kuridhia. Mlezi awe ametajwa kwa jina kwenye kadi, namba ya simu iandikwe, na alale karibu na kituo wiki hizo. Dharura inayotishia maisha haisubiri saini. Mama akiwa anakufa, timu inaendelea.

mkunga_zamu_ya_usiku

Na mimi nimalizie ya baada ya kujifungua, kwa sababu hapa ndipo shule na mwili vinagongana.

Mahudhurio ya baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Njia ya uzazi wa mpango izungumzwe akiwa bado na mimba, wiki ya 30 na kuendelea, si akiwa wodini amechoka. Kipandikizi kinaweza kuwekwa kabla hajatoka wodini, hata kama ananyonyesha. Cha kijiti kimoja ni miaka 3, cha vijiti viwili ni miaka 5. Kitanzi kinawekwa ndani ya saa 48 au baada ya wiki 4. Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, ingoje wiki 6. Aelezwe kuhusu kipandikizi kwamba hedhi itavurugika, matone ya hapa na pale au kukosa kabisa. Asipoelezwa, atarudi baada ya miezi miwili akitaka kitolewe, na akitaka kitolewe kitolewe, ni haki yake. Wasiwasi wa bibi kwamba kitamfanya mgumba ujibiwe mbele yake: kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi mapema.

Kunyonyesha kama njia ya kuzuia mimba kunafanya kazi kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto ana chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Akirudi darasani mtoto akiwa na miezi mitatu, na bibi akaanza kumpa uji au maziwa ya ng'ombe mchana, kinga hiyo imeisha siku hiyo hiyo hata kama hedhi bado. Wengi mimba ya pili wanaipatia hapo. Akamue maziwa asubuhi kwa mkono, kwenye kikombe kilichochemshwa chenye mfuniko, yakae mahali pa baridi yasizidi saa 4, mtoto anywe kwa kikombe, si chupa. Shule ikiwa karibu, mtoto aletwe saa nne ya mapumziko.

ustawi_na_sheria

Shule: waraka wa Wizara ya Elimu wa 24 Novemba 2021 uliondoa kizuizi cha zamani, na mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa mimba anarudi kwenye mfumo rasmi. Mwongozo unatoa nafasi ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo mkuu wa shule aandike sababu halisi kwenye kumbukumbu, asimfute kama mtoro, namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, itunzwe, na mzazi abaki na nakala ya barua. Akitaka kuhamia shule nyingine ili asinyooshewe vidole, aombe uhamisho kupitia afisa elimu sekondari wa wilaya.

Kama ratiba ya kila siku haitawezekana, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: anasoma kwa njia mbadala, anafanya Mtihani wa Maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia halali, lakini isiwe ndiyo anayosukumiwa kwa sababu tu walimu hawataki kumwona darasani na mtoto.

Matunzo ya mtoto nayo yasiachwe yaishie kwenye kikao cha wazee. Afisa ustawi anaweza kupeleka maombi mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na baba kulipa matunzo hakufuti kosa la jinai. Mkipewa karatasi ya makubaliano inayosema "tumesameheana, hatutaendelea na kesi", binti asisaini, na bibi asisaini.